Nileteeni Mtu

Johannesburg siku hizi hakuna binadamu anayekunyima kitu. Watu wote ni wema, wanakuita Baba, wanakupa pole ya kutoka moyoni. Mwenye roho mbaya ni kompyuta.

Nilikwenda kuchukua friji ya kulipa kidogo kidogo, kwenye duka nisilolitaja maana friji bado naitaka. Dada wa kaunta akaandika weee: pasipoti, hati ya mshahara, anwani ya Yeoville, mpaka jina la ndugu nisiyeishi naye. Akabofya. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikatoka kisanduku chekundu.

"Pole, Baba. Kompyuta imekataa."

"Kwa nini?"

"Haisemi."

Nikadai mtu. Akaja meneja, tai imemkaba, miwani juu ya paji. Akaishusha miwani, akakitazama kile kisanduku kama daktari anayesoma picha ya eksirei, akairudisha juu.

"Imekataa kweli," akasema.

Na sheria ya nchi hii kwenye karatasi ni tamu! Sheria ya kulinda taarifa binafsi, POPIA, ilianza kazi Julai 1, 2020, na wenye biashara wakapewa mwaka mzima wa kujipanga. Kifungu cha 71 kinakataza mashine peke yake kukupima kazi yako, mkopo wako au uaminifu wako, kisha ikatoa uamuzi wa kukugusa sawasawa. Na pale inaporuhusiwa kuamua mambo ya mkataba, ikikukatalia, upewe nafasi ya kujitetea na uelezwe ilivyofikiri. Sasa, meneja akishachungulia, mashine haiko peke yake tena: iko na meneja! Kuipinga hawezi, kitufe cha kuipinga hana, ila yupo, yeye na tai yake.

Wajerumani walipitia hayo hayo. Kampuni ya Schufa, inayowapima wakopaji, ilijitetea kwamba yenyewe inatoa alama tu, anayeamua ni benki. Desemba 2023, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya kule Luxembourg ikasema kama benki inaifuata sana ile alama, basi alama ndiyo uamuzi wenyewe. Bila shaka kati ya majaji wale yupo aliyewahi kunyimwa friji.

Ila wanaoumia hasa hapa si sisi wa friji. Ipo ruzuku ya SRD, randi 370 kwa mwezi kwa asiye na kazi. Inaombwa kwa mtandao tu, na kompyuta inakuchungulia mpaka akaunti ya benki. Ikiona zimefika randi 624, wewe una kipato, kwaheri. Shangazi ametuma mchango wa msiba? Kipato. Unamzika baba yako na papo hapo umekuwa tajiri. Januari 2025, Mahakama Kuu ya Pretoria iliukataa utaratibu huo, ule wa mtandao tu na ule wa kuhesabu kila kinachoingia. Ilibidi watu wapande mahakamani ili jaji, mtu wa nyama na damu, aseme jambo ambalo mama yeyote wa genge angelisema bure.

Nyumbani nako tumeandika haki kama hizi, Kenya mwaka 2019, Tanzania 2022. Kwa kuandika hatujambo.

Basi nami nikaandika. Sheria ya mikopo ya hapa, ya mwaka 2005, inaniruhusu kudai nielezwe kwa maandishi sababu kuu ya kunyimwa. Jibu liliingia saa tisa za usiku, saa ambayo karani yeyote mwenye mke na watoto amelala: "Hujakidhi vigezo vyetu vya ndani." Chini yake: usijibu ujumbe huu.

Vigezo gani? Kodi namlipa mama mwenye nyumba mkononi kila tarehe mosi, hata Januari, mwezi ambao mji mzima unakopa nauli. Analamba kidole, anahesabu noti, anarudia kuhesabu kwa sababu hamwamini mtu, kisha anaandika kwenye daftari la shule lililochakaa pembe. Miaka yangu yote ya uaminifu imo humo, chini ya deni la umeme la mpangaji wa chumba cha nyuma. Laiti meneja angempigia simu! Lakini kwenye fomu yao hapakuwa na sehemu ya mama mwenye nyumba.

Kesho yake ukaja ujumbe mwingine: tunathamini maoni yako, tupe nyota, moja hadi tano. Nikabofya moja. Ikagoma kuendelea. Taja sababu, ikasema, sehemu hii ni ya lazima.

Nikaandika: "Hujakidhi vigezo vyangu vya ndani."