Sifa za Televisheni Inayolia

Wengine wamsifu samaki mukeke wa kuchoma, wengine waimbe upepo wa Ziwa Tanganyika jioni. Mimi naisifu kelele ya televisheni kuukuu, ile ya chogo, inayolia sebuleni hapa Mulongwe, kando ya ziwa hilo, tangu habari za jioni mpaka umeme ukatike.

Kwanza, kelele hii ina ukoo. Televisheni ya mistari 625, yenye picha 25 kwa sekunde, huchora mistari 15,625 kila sekunde, na transfoma iliyo nyuma ya bomba la picha hutetemeka kwa kasi hiyo hiyo. Waya zake zikilegea, hupiga mluzi mwembamba ambao watoto huusikia na wazee wengi hawausikii kabisa. Ndiyo maana mtoto aliyelazwa mapema anajua, akiwa chumba cha pili, kwamba Papa amefunga sauti ili atazame mpira peke yake. Ni serikali gani imewahi kuwapa watoto uwezo wa kuwachunguza wakubwa?

Kaka wa mluzi ni mvumo mzito. Huo huzaliwa kapasita ya kuchuja umeme inapokauka kwa joto la miaka, kichwa kikavimba, mawimbi ya umeme yakapenya mpaka kwenye spika. Kitinda mimba ni mlio wa cheche, vumbi na unyevu vinapokutana kwenye waya wa umeme mkali. Na huku kwetu, ambako tangu 2020 ziwa limewahi kuingia mpaka vyumbani, unyevu haununuliwi.

Pili, ni shujaa. Enzi za Zaire, habari za jioni zilitanguliwa na picha ya Mobutu akishuka kutoka mawinguni. Watu walinyamaza, kapasita mbovu haikunyamaza. Ilimvumia Rais kama ilivyomvumia msoma habari, na hakuna askari aliyetumwa kuikamata.

Tatu, ni karimu. Ikilia siku mbili, jirani anakuja na dawa yake: kofi ubavuni. Msimcheke. Lehemu ikipasuka, kofi huigusanisha tena kwa muda, na aliyepiga anaondoka na heshima ya uhandisi. Kesho yake inalia upya, anaitwa fundi, naye anapata hela ya ndagala. Anachomoa plagi, anafunua mgongo, kisha anaingiza chini ya kofia ya mpira bisibisi iliyofungwa waya wa ardhi, kwani bomba la picha huweza kuhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa. Halafu anawasha, anashika kijiti kikavu, anabonyeza kiungo kimoja kimoja. Mlio unakatika. Anainua kijiti, unarudi. "Mama, ni hapa." Tone moja la lehemu, na nyumba nzima inamtazama kama mganga aliyetoa jini.

Wapinzani watanikumbusha kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Debe gani tupu lina volti zaidi ya 20,000 kwenye bomba lake? Watanionyesha skrini mpya, bapa, tulivu kama bibi harusi. Ninazijua. Jioni zinang'aa, asubuhi zimekufa, bila kukohoa hata mara moja, na fundi anaambiwa ubao wote ubadilishwe. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Basi ikikukera, iponye. Kapasita haina bei ya kukufilisi. Lakini usiitukane. Imekwambia ugonjwa wake mapema, kwa sauti, mbele ya wageni, na ukiifuata kwa kijiti inakupeleka mpaka penye ufa. Kama kuna ofisi, daraja au mheshimiwa yeyote anayetangaza ubovu wake mwenyewe hivyo, bila kungoja tume ya uchunguzi, nionyesheni, nami nitamwandikia sifa zake bure.