Kichwa Kiume kwa Ratiba

Kipandauso hakionekani kwenye eksirei, na jeshi la Marekani halina mapenzi na kisichoonekana. Askari anayeugua hupelekwa kwanza kwa bodi ya madaktari, inayoamua kama bado anatimiza viwango vya utumishi. Asipovitimiza, faili huhamia bodi ya pili, inayoamua kama aendelee na kazi au afunge virago. Asilimia ya ulemavu hutolewa na wizara ya wanajeshi wastaafu, kwa jedwali.

Jedwali lenyewe ni burudani. Shambulio la kumlaza mtu chali, kwa wastani mara moja kila miezi miwili, ni asilimia 10. Mara moja kwa mwezi, 30. Mashambulio yakiwa ya kila mara, ya muda mrefu na ya kumvurugia mtu riziki, 50, na hapo ngazi hukoma, hata kichwa kikitaka kupanda zaidi. Maumivu yasiyomwangusha mtu hayamo hesabuni: aliyekaza meno akaenda gwaride amejiponza, maana kumbukumbu zinasema alikuwepo.

Tofauti ya 10 na 30 si ya kichwa, ni ya mfuko. Kwa asiyefikisha miaka 20 ya utumishi, 30 huleta pensheni na matibabu. Chini ya hapo ni kiinua mgongo cha mkupuo mmoja na mkono wa buriani. Ndiyo maana daftari la maumivu hujazwa kwa bidii: tarehe, saa, dawa, mapazia yaliyofungwa. Nalo hujazwa na yuleyule ambaye, kwa mujibu wa jedwali, hawezi kunyanyua kichwa.