Kila Mtu Ana Maoni Kuhusu Shokomzoba Zangu

Betri ikifa, gari haliwaki. Rejeta ikitoboka, unasimama pembeni ukiwa umezungukwa na mvuke, na wapita njia wanakupa pole. Tairi likipasuka, unatoa jeki. Shokomzoba haina adabu hiyo. Hufa kama mshahara unavyokwisha: hakuna saa unayoweza kuitaja, ila kuna siku unashtuka tu kwamba haupo. Ndiyo maana sijawahi kukutana na mtu aliyebadilisha shokomzoba mapema. Nimekutana na waliochelewa, na waliochelewa sana, na katikati yao wako wanaojadili.

Mimi nilikuwa kundi la wanaojadili, tena kwa hoja. Gari langu ni Toyota Carina Ti, zile ambazo Japani ilizitengeneza kati ya 1996 na 2001 na ambazo Dar es Salaam imekataa kuziacha zipumzike. Namba inayotajwa sana kwa kubadilisha shokomzoba ni kilomita 80,000. Ni ushauri mzuri kwa mtu ambaye dashibodi yake inasema kweli. Yangu ilishuka bandarini na namba ndogo ya kutia shaka kwa gari la umri ule, na baadaye ikagoma kuhesabu kabisa. Hata kama ingehesabu, kilomita moja ya lami ya Bagamoyo na kilomita moja ya kuingia kwangu Goba baada ya masika hazipaswi kuandikwa kwenye daftari moja.

Tuliweke sawa jambo moja, maana vijiweni limepotoshwa. Shokomzoba haibebi gari. Anayebeba ni springi. Springi ikibonyezwa na shimo hutaka kurudi, ikirudi hupitiliza, kisha inabonyea tena, na ingeachiwa peke yake ingecheza hivyo hadi Mwenge. Kazi ya shokomzoba ni kuikataza. Ndani yake kuna pistoni inayosukuma oili ipite kwenye vitundu vidogo. Oili inapita kwa taabu, nguvu ya ule mruko inageuka joto, ngoma inaisha. Kwa hiyo shokomzoba nzima ikitoka kwenye barabara ya vumbi huwa ya moto. Yuko fundi mmoja mzee wa Ilala ambaye hahitaji kipimo kingine: anainama, anagusa kila upande kwa mgongo wa vidole, na akikuta moja imebaki baridi wakati mwenzake amechemka anasema, "Hii inakula bure."

Lakini mzee huyo nilimfikia mwishoni. Kabla yake kulikuwa na umma.

Sijui jambo hili lilipitishwa lini, ila kila mwanamume anayepita karibu na gari lililoegeshwa ana haki ya kuweka viganja viwili juu ya madigadi, kulikandamiza, kuliachia, na kutoa hukumu. Utaratibu wenyewe si wa kijinga. Gari likipanda mara moja na kutulia, bado unazo. Likiendelea kunesa, zimekwenda. Tatizo ni wabonyezaji. Muuza nyama wa mtaani kwetu, ambaye hata ukuta humwogopa akitaka kuuegemea, alibonyeza likanesa hadi kuku wakakimbia; akatangaza kwamba zimekufa zote nne. Mwalimu wa hisabati, mtu mwembamba, alibonyeza halikushuka hata kidogo. Akasema ni nzima, tena ngumu. Kijana wa bodaboda alibonyeza kwa mguu, bila kushuka kwenye pikipiki, na hakusema kitu, akatikisa kichwa tu.

Kitaalamu wote wana cha kujitetea. Gari kuukuu lenye bushi zilizokakamaa na kutu kila pahali linaweza kukataa kunesa hata kama shokomzoba zake ni mabomba matupu, kwa sababu linashikiliwa na uzee wake. Nilipolijua hilo nikaamua kufuata jibu la mwalimu. Hisabati ni hisabati.

Kisha ukaja mlio. Ko-ko-ko upande wa kushoto, hasa kwenye vijishimo vidogo. Fundi wa gereji ya chini ya mwarobaini, karibu na kwangu, aliusikia akiwa bado kwenye kigoda. "Shokapu hizo, mkuu. Zote." Alisema hivyo kabla ya kusimama, na mimi sina imani na daktari anayeandika dawa mgonjwa akiwa bado getini. Nikaenda kwingine, wakaniinulia gari, wakakuta stabilaiza linki, kijiti kidogo chenye vichwa viwili, kimelegea. Kikabadilishwa, kimya kikarudi. Hili wengi hawalijui: shokomzoba iliyochoka mara nyingi haipigi kelele yoyote. Kinachogonga ni linki, boli jointi, bushi, au mauntingi ya juu. Kwa hiyo mwenye gari anayesubiri mlio ndipo abadilishe atasubiri sana, na mwenye gari aliyetibu mlio atajiona mshindi. Kwa muda wa kutosha nilikuwa mshindi. Niliisimulia hadithi ya ile linki kwenye misiba miwili.

Hapo ndipo alipoingia shemeji.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ya binamu yao. Harusi ilikuwa Morogoro, kamati ilikuwa kwenye simu. Jioni moja nilimpitia Mwenge, na njiani mwenyekiti akaandika kwenye kundi kwamba anaomba taarifa ya michango. Shemeji ni mtu wa kuwajibika. Akabonyeza kitufe cha kurekodi sauti.

"Ndugu wanakamati, habari za jioni." Kwenye lami sauti ilikuwa ya mhasibu. Halafu nikakata kona ya kuingia nyumbani, lami ikaisha, na neno "michango" likatoka na silabi za ziada: mi-hi-cha-ha-ngo-ho. Alipofika kwenye "fedha zote zipo salama", msikilizaji yeyote mwenye utu angejua kwamba huyu mtu analia.

Mwenyekiti alijibu upesi: "Mweka hazina jikaze. Sema ukweli tu, sisi ni ndugu." Mama mmoja akaweka viganja vya kuomba dua, safu nzima. Mjomba mmoja, ambaye jina lake halijawahi kuonekana kwenye orodha ya waliochangia, akataka kikao cha dharura. Shemeji akaona bora afafanue. Akafafanua kwa sauti. Bado tulikuwa barabara ileile.

Kikao kilikaa Jumapili. Daftari lilisomwa, ujumbe wa miamala ukalinganishwa mmoja mmoja, na hesabu ikakutwa sawa hadi shilingi ya mwisho, jambo ambalo mjomba alilipokea kwa huzuni. Ila katika muhtasari wa kikao, chini ya Mengineyo, kuna mstari usemao: "Shemeji mwenye Carina ashauriwe kutengeneza gari." Najua watu wanaobadilisha shokomzoba kwa ushauri wa fundi. Sijamjua mwingine ambaye zake zilijadiliwa na akidi ikatimia.

Ofisini nako yako ya kwao. Dada mmoja wa masijala aliweka kwenye simu ile programu ya kuhesabu hatua, wakawa wanashindana na wenzake nani anatembea zaidi. Akaanza kuniomba lifti kila asubuhi, na mimi nikadhani ni ujirani mwema. Alikuwa akifika kazini ameshakaribia kumaliza hatua zake za siku, amekaa kiti cha nyuma, anakula maandazi.

Ninachotaka kusema ni kwamba mwenye gari ndiye wa mwisho kujua, na si kwa sababu ni mbishi. Gari hulegea kidogo kidogo, na dereva hulegea nalo. Unajifunza kupunguza mwendo mapema kabla ya tuta, kushika usukani kwa nguvu kwenye rasta, kuikata kona kwa upana kidogo, na yote hayo unaita uzoefu. Mgeni akipanda mara moja tu anatafuta pa kushika. Basi ukitaka kujua hali ya gari lako, usimuulize fundi, wala usijiulize mwenyewe. Mpakie mtu asiyelijua na umtazame mikono.

Nilijibu vipi azimio la kamati? Kwa kuliheshimu na kulihifadhi. Kilichonisogeza kilikuwa vitu viwili visivyochekesha sana. Cha kwanza ni tairi. Fundi wa pancha alipitisha kiganja juu ya tairi la mbele akaniambia nami nipitishe. Mpira ulikuwa na mabonde na vilima, kuzunguka duara zima. Gurudumu lisilozuiwa hurukaruka, na kila linapotua linang'ata mpira wake lenyewe. Tairi la namna hiyo halidanganyi, halina mwarobaini, halikuuzii kitu. Cha pili ni mvua. Nilikuwa nashuka kilima, pana rasta mbele, na mbele ya rasta bajaji ikasimama. Nikakanyaga breki. Pua ya gari ikainama, magurudumu yakawa yanarukia zile rasta badala ya kuzishika, na tairi lililo hewani halijui breki ni nini, hata pedi ziwe mpya namna gani. Tulisimama. Tulisimama mahali ambapo abiria wa bajaji aliweza kugeuka na kusoma vizuri, kwenye kioo changu, stika ya Nenda kwa Usalama.

Nyumbani mke wangu aliuliza swali lililo sahihi: gari lenyewe lina thamani gani hata tuliwekee vitu vipya? Wengi huishia hapo, wanalinganisha bei ya shokomzoba na bei ya gari, wanaona ni ujinga, wanaendelea kunesa. Lakini gari hatuuzi. Hesabu ya kweli ni tairi zitakazoliwa, boli jointi na bushi zitakazopigwa kila siku kwa kazi isiyo yao, na ile bajaji. Alifikiri kidogo, akasema sawa, mbele kwanza. Huyo angefaa kuwa mweka hazina.

Nikaenda Kariakoo, upande wa Gerezani, mahali ambapo ukitamka neno Carina mara moja unavutwa mikono yote miwili. Za mtumba zilikuwepo kwa wingi, na sababu yake inajulikana: Japani gari dogo jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na ukaguzi ule una gharama, basi wengi huona heri kuliondoa gari lingali zima. Muuzaji alisimamisha moja sakafuni, akaikandamiza, ikapanda yenyewe polepole. "Hii imetembea lami tupu, kaka." Imetembea kiasi gani, hakuna ajuaye. Kununua shokomzoba ya mtumba ni kununua kuahirisha kwa Mjapani ili uongeze kwako. Duka la pili walikuwa na mpya ndani ya boksi la kampuni maarufu, ila herufi moja ya jina ilikuwa imebadilika njiani. Kijana wa nje akanishika bega: yeye anatoboa ile ya zamani, anajaza oili, anachomelea, na unaondoka leoleo. Mwingine akaniuzia wazo la spesa za springi. Spesa zinainua gari, hilo ni kweli. Linanesa vilevile, ila likiwa juu zaidi. Nikanunua mpya za duka la tatu, pea, maana upande mmoja mpya na mwingine mfu ni kulifundisha gari kuchechemea.

Kazi ya kufunga ilifanywa na yule mzee wa Ilala. Kwenye gari la aina hii shokomzoba ya mbele haisimami peke yake: mhandisi Mmarekani Earle MacPherson ndiye aliyeiunganisha na springi na gurudumu ikawa nguzo moja, na Ford Consul iliyooneshwa Uingereza mwaka 1950 ikawa miongoni mwa za kwanza kuibeba. Ni ubunifu mkubwa, na kwa sababu yake lazima ushushe nguzo yote, uibane springi, ndipo uitoe ya zamani. Springi iliyobanwa ikiponyoka inaweza kuua mtu. Mzee alipoanza kukaza klampu niligundua kwamba nina simu ya muhimu ya kupiga, upande wa pili wa barabara. Nati zilikuwa na kutu, spana boi akaita nyundo, nyundo ikaita maneno. Mauntingi zilikuwa zimepasuka, zikabadilishwa nazo. Mwisho ikabidi alaimenti, kwa kuwa boliti zilizofunguliwa ndizo zinazosimamisha gurudumu wima.

Tulikwenda Morogoro. Mama mkwe, aliyekaa mbele, alisema gari limekuwa gumu, lile la zamani lilikuwa linabembeleza. Watoto walisikitika kwenye kila tuta. Shemeji alituma taarifa ya sauti tukiwa Chalinze, safi kabisa, na mjomba akajibu kwamba mara hii anasoma kwenye karatasi.

Wiki iliyofuata nilipita Ilala kumlipa mzee salio lake. Alizipokea hela, akazihesabu, akalizunguka gari taratibu hadi nyuma, akaweka viganja viwili juu ya buti.

"Shikamoo mzee," nikamwambia, "naomba utoe mikono."