Sifa za Kabureta Inayofunga

Pwani wamesifu mnazi mpaka makuti yake, wafugaji wamesifu ng'ombe mpaka kwato, na juzi harusini nilimsikia mtu akimsifu mkwewe kwa dakika arobaini bila kunywa maji. Sijasikia hata mmoja aliyesimama kuisifu kabureta inayoibania injini petroli. Kwa kuwa mimi ndiye niliyelala chali chini yake miezi mitatu, mafuta yakinidondokea sikioni, naona zamu ni yangu.

Ninayoisifu imo kwenye Ferguson TE20, lile trekta dogo la kijivu lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956, zaidi ya 500,000. Babu alilinunua hapa Njoro kwa mzungu aliyekuwa akifungasha virago, nami nikalirithi pamoja na ekari mbili na kesi ya mpaka. Matrekta ya ukoo huu ndiyo aliyoyaendesha Edmund Hillary juu ya barafu mpaka Ncha ya Kusini, akafika tarehe 4 Januari 1958. La kwangu lilikuwa halifiki kwenye mparachichi ulio nusu ya shamba. Lakini Hillary alikuwa na haraka zake.

Naanza na kujinyima kwake. Injini ya petroli, ukiipimia sawasawa, hutaka kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo ya mafuta. Ukipima kwa ujazo ndipo utashika kichwa: lita moja ya petroli huchanganywa na zaidi ya lita 9,000 za hewa. Kwa hiyo hata injini iliyoshiba hula upepo zaidi ya chochote. Yangu iliona hata kile kijiko kimoja cha petroli ni ufujaji, ikaamua kufunga. Na kumbuka Njoro iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni haba. Kabureta iliyopimwa Mombasa ukiipandisha huku hulewa: hewa imepungua, petroli imebaki ile ile, moshi mweusi unafuka. Mlima wenyewe uliinywesha, nayo ikakataa. Nionyesheni mcha Mungu mwenye msimamo kama huo.

Lugha yake nayo ni tamu. Trekta hili huwashwa kwa gia: unasukuma kigongo mpaka kwenye herufi S, stata inalia, injini inaitika. Dakika za kwanza ni heshima tupu. Kisha sauti inaanza kupanda na kushuka yenyewe, vuuu, vu, vuuu, vu, kama mtu anayetafuta neno. Ukiteremsha plau ardhini, inapiga chafya. Chafya yenyewe haitokei kwenye eksozi. Inarudi nyuma kwenye koo la kabureta, paa! Mbwa wangu, asiyeogopa fisi, alihamia kwa jirani. Ukivuta choki nusu, hewa ikabanwa, kelele zote zinakoma na trekta linavuta kama dume. Choki ndiyo futari yake. Kwa wiki mbili nililima hivyo, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine ukifuturisha.

Usafi je? Fungua plagi ya injini inayokunywa kupita kiasi uone masizi. Utadhani umetoa kijiti jikoni. Plagi inayofanya kazi vizuri huwa na rangi ya kahawia. Zangu nne zilitoka nyeupe kama chaki, kavu, hata kitambaa sikuhitaji. Ni kweli kwamba weupe huo ni wa joto, na kwamba injini ikiachwa hivyo huunguza vali, na jioni moja niliona manifoldi inawaka wekundu nikadhani jua linazama ndani ya boneti. Usafi una gharama zake. Nani aliyewahi kuwa nadhifu bure?

Ila sifa ambayo ningeichonga kwenye jiwe ni ukarimu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kabla ya kabureta hii sikuwa na wageni. Nimestaafu ualimu, na mwalimu mstaafu hutembelewa na wanaotaka barua ya mapendekezo tu. Chafya ya kwanza ilisikika mpaka barabarani, na Jumamosi iliyofuata nilikuwa na watu saba chini ya mparachichi, kila mmoja na ugonjwa wake mfukoni.

Kijana wa bodaboda alifika wa kwanza. "Mwalimu, hii ni jeti imeziba," akasema kabla ya kushuka kwenye pikipiki. Akaifungua kabureta yote juu ya gunia, boya huku, sindano kule, akaichungulia jeti dhidi ya jua na kuipuliza mpaka mashavu yakajaa. Kwenye kikombe cha kioo chini ya tangi tulikuta vumbi la kutu kama nusu kijiko, na wote tukashangilia tukidhani tumemaliza. Tukarudisha. Vuuu, vu, vuuu, vu.

Mzee mmoja aliyewahi kuwa dereva wa lori akacheka. Alikuwa amekaa kimya akinywa chai, kikombe cha tatu. "Mnatafuta petroli iliyopotea," akasema, "tafuteni hewa iliyoingia bila hodi." Akaniagiza maji ya sabuni kwenye chupa, akanyunyizia pole pole pale manifoldi inapokutana na injini. Alipofika silinda ya nne, mlio ukabadilika: injini imenyonya maji badala ya hewa. Gasketi ilikuwa imepasuka ufa usiozidi upana wa ukucha. Hapo ndipo nilipouona ujanja wa kabureta hii. Petroli ikipungua, inakohoa. Hewa ikizidi, inakohoa kikohozi kile kile. Makosa mawili yamevaa kanzu moja, na anayetazama kanzu atamsalimu asiye mwenyewe.

Gasketi mpya ikaingia. Trekta likasimama bila kazi, injini ikiunguruma laini kama paka, tukapeana mikono, wageni wakaenda zao. Jumatatu nikaenda kulima. Dakika ishirini hivi, pale pale kwenye mparachichi, paa!

Jumamosi wakarudi, safari hii tisa. Nilikuwa nimefungua bomba linapoingilia kabureta ili waone: petroli ilitoka kwa mkondo mnene, ikawa uzi, ikawa matone, huku tangi likiwa limejaa zaidi ya nusu. Koki ikalaumiwa. Mtu akalaumu serikali. Mimi, ili nisikae bure, nikafungua kifuniko cha tangi nipime mafuta kwa kijiti, nikasikia tangi likivuta pumzi, fyuuu, ndefu, kama mtu aliyezibwa mdomo tangu asubuhi. Matone yakawa mkondo tena.

Petroli ya trekta hili hushuka kwa uzito wake, haina pampu. Ili ishuke, hewa lazima iingie juu kushika nafasi yake, na mlango wa hewa ni kijitundu kwenye kifuniko. Nikakigeuza kifuniko. Kijitundu hakikuwepo. Nyigu alikuwa amekisiliba kwa udongo mwekundu wa shamba langu mwenyewe, laini, bila ufa, kazi ambayo fundi niliyempa ukuta wa jiko hajaifikia. Nikakizibua kwa mwiba wa mgunga. Miezi mitatu, jeti iliyosafishwa mara nne, gasketi moja, kilo sita za sukari, na dawa ilikuwa mwiba.

Tangu hapo trekta linalima ekari zote mbili bila choki, plagi zina rangi ya kahawia, mbwa amerudi. Sasa najua kila skrubu ya mashine ambayo babu aliniachia nikaikalia miaka kumi na moja bila kuifungua. Jumamosi iliyopita niliketi chini ya mparachichi na birika peke yangu mpaka saa kumi. Kijana wa bodaboda alipita, akapunga mkono, hakusimama. Nilisikia pikipiki yake haina tatizo lolote, nikasikitika.

Jana nimemwona nyigu akizunguka kifuniko na kidonge cha udongo mdomoni. Sikumfukuza. Mwenye nafasi Jumamosi aje, saa nane hivi. Ila aje na sukari.