Ndoano Ndogo, Sauti Ndogo

Bagamoyo ni mahali pagumu kwa mtu anayeanza kujifunza kuvua samaki wa maji baridi. Si kwamba wataalamu hawapo. Wapo tele: kila mzee anayeshona nyavu ufukweni atakupa ushauri kabla hujamaliza kumwamkia, na chuo cha uvuvi chenyewe kipo hapo Mbegani. Shida ni kwamba karibu wote ni watu wa bahari. Ukiwaambia unakwenda mtoni na ndoano, wanakutazama kwa huruma. Mmoja aliniuliza bahari imenikosea nini. Mwingine alitaka kujua kama nyumbani wana habari.

Lakini mito ipo. Ruvu unashuka kutoka milima ya Uluguru, unawapa maji watu wa Dar es Salaam, kisha unajipenyeza kwenye mikoko na kuingia baharini kaskazini kidogo ya mji. Ukiendelea kuelekea Saadani unakutana na Wami. Na perege wa Wami si samaki wa kudharauliwa, maana jina lake linajulikana kwa wafugaji wa samaki wa mabara mengine. Mwaka 1960 mtaalamu wa Kiingereza, C. F. Hickling, aliandika kutoka Malacca kwamba madume ya perege wa aina hii, yaliyochukuliwa Zanzibar, yakipandishwa na majike ya perege wa Msumbiji, huzaa watoto ambao karibu wote ni madume. Wafugaji wakafurahi, kwa kuwa dume hukua haraka na halijazi bwawa kwa uzazi. Yaani ukoo huu umesafiri kuliko wengi wetu, na bado unakataa kusogea hatua mbili kuifuata ndoano yangu.

Mwenzangu katika safari hizi ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Alishuka kutoka Dar es Salaam na fimbo ya kuvulia ya kisasa, ya kurefuka kwa vipande, yenye kigurudumu cha kukunjia mshipi. Alikuja pia na kiti cha kukunja, kofia ya ukingo mpana, na boksi la barafu la kuhifadhia samaki ambao, ukimsikiliza, walikuwa wameshakubali mwaliko. Kila kitu kilikuwa kikubwa. Nimewatazama wanagenzi wengi tangu hapo, na ugonjwa wao ni huohuo: chubwi kubwa, mshipi mnene, tonge kubwa, sauti kubwa, na matarajio ambayo hayaingii kwenye ndoo.

Ndoano ndiyo iliyotuponza zaidi. Shemeji anafanya kazi ya fedha na hesabu anazijua. Dukani Kariakoo aliona ndoano zina namba, akasema sisi ni wageni wa fani, tuanze kwa unyenyekevu na namba ndogo kabisa. Hakuna aliyemwambia kwamba ndoano huhesabiwa kinyume: namba ikipanda, ndoano inapungua. Alirudi na vyuma ambavyo vingefaa kutundikia mbuzi buchani. Sasa perege wa ukubwa wa kiganja ana mdomo mdogo. Anataka namba 10 au 12, mshipi mwembamba, na kidonge cha ugali mkavu kisichozidi punje ya mbaazi. Sisi tulimtengea tonge. Alikuja, akala pembeni pembeni kwa adabu, akaacha chuma.

Kuna nyakati perege hali kabisa, na hapo usijilaumu. Jike la hawa wetu likishataga huyachukua mayai mdomoni na kuyalea humo mpaka vitoto viweze kuogelea, na muda wote huo karibu halili kitu. Unapolitupia ugali unamwomba mama awateme watoto wake ili wewe uridhike. Dume nalo limegeuka jeusi, limechimba kiota cha duara kwenye mchanga, na kazi yake ni kufukuza wanaume wenzake. Ukiviona visahani hivyo vya mchanga kwenye maji ya kina kifupi, waachie nyumba yao, usogee kwenye matete, asubuhi jua likishaanza kupasha maji.

Kwa kuwaheshimu wazee wa ufukweni, tulienda kwanza mdomoni mwa mto. Hapo ndipo maji baridi yanapoacha kuwa baridi. Bahari ikijaa, hasa wakati wa bamvua, chumvi inapanda mtoni na wateja wanabadilika. Kaa wa mikoko anakata chambo. Bunju (samaki, si kituo cha daladala) anakata mshipi wenyewe kwa meno. Tulipompata bunju alivimba kwa hasira mpaka shemeji akamwomba radhi. Huyo hurudishwa majini. Maini na mayai yake yana sumu ambayo haiondoki kwa kupikwa, hata ungemwekea nazi ngapi.

Mkizi nao walikuwa wanaruka pande zote. Wahenga wanasema hasira ya mkizi ni furaha ya mvuvi, lakini nadhani mvuvi waliyemkusudia alikuwa na mtumbwi wa kumdakia. Mkizi anakula tope laini na mwani. Ugali wetu kwenye ndoano haukumhusu. Kwa mtu aliyezama kwenye tope la mikoko hadi magotini, hasira ya mkizi inabaki kuwa hasira tu, tena inayokutazama usoni.

Tukahamia kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga, bondeni mwa Ruvu, tukimtafuta kambare. Huyu ana macho madogo na maji yake ni matope, kwa hiyo anaishi kwa sharubu na masikio. Kibofu chake cha hewa kimeungana na sikio kwa mnyororo wa vifupa vidogo, na kishindo cha buti ukingoni kinamfikia kabla hujatua begi. Shemeji alikuwa anatembea huku na huku juu ya tuta, simu iko kwenye spika, akiwahakikishia watu wa ofisini kwamba yuko kikaoni. Kambare wote wa mfereji ule walihudhuria kikao hicho, ila kwa mbali sana.

Chambo cha kambare hakina siri kubwa: kinuke. Minyoo inafaa, utumbo wa kuku unafaa zaidi, na utumbo wa kuku wa jana unafaa kiasi kwamba hutapata mtu wa kukaa naye kwenye gari. Afrika Kusini wako wavuvi wanaomtegea kambare kwa kipande cha sabuni, na wanaapa kwamba anaipenda. Tulijaribu sabuni ya mche. Povu lilipatikana.

Boya letu lilikuwa kipande cha ndala, na hilo ni jambo pekee la vifaa ambalo tulilipatia tangu mwanzo. Boya likitetemeka, mgeni huvuta. Usivute. Perege anaonja kwanza. Subiri mpaka boya lizame au lianze kuondoka upande mmoja, ndipo unyanyue mkono, mkono tu. Shemeji alinyanyua mwili mzima. Ndoano ilichomoka majini bila samaki, ikapita juu ya vichwa vyetu, ikanasa kwenye kanzu yangu (nilikuwa nimetoka sala ya Ijumaa) mahali ambapo staha hainiruhusu kupataja. Akahisi uzito, akavuta tena. Kile kijino cha ndoano kinachomzuia samaki kuchomoka kinafanya kazi vilevile kwenye kitambaa. Nilimsikia akipiga kelele, "Huyu mkubwa, shemeji, huyu mkubwa!" huku mimi nikimfuata kinyumenyume kuelekea mferejini.

Kuhusu mamba na viboko sina mzaha. Mwingereza Izaak Walton alichapisha kitabu kizima mwaka 1653, *The Compleat Angler*, akisifu raha ya kukaa ukingoni mwa mto na mshipi mkononi. Ni rahisi kusifu ukiwa kwenye mito isiyo na mwenyewe. Ruvu na Wami ina wenyewe. Kaa mbali na ukingo, usioshee samaki pale unapovulia, usisimame mahali pamoja kila jioni, maana mamba naye anashika ratiba. Giza likikaribia, kusanya vitu uondoke, kwa kuwa kiboko hutoka usiku kula majani na njia anayopita haijadiliwi. Mchana wenyewe uliza wenyeji kabla hujatupa chochote majini. Kama kijiji kina kikundi cha usimamizi wa uvuvi (BMU), anzia kwao, na suala la leseni watakuelekeza. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani usionekane na ndoano bila ruhusa. Na ukisikia masika yamefurika, subiri. Mto unapojaa, kambare wanatawanyika kwenye mabonde kuzaliana na wewe unavua matawi. Maji yanapoanza kupungua, samaki wanabaki kwenye mifereji na madimbwi, na hata mjinga anaanza kuonekana ana kipaji.

Hivyo ndivyo tulivyompata kambare wetu. Jambo la kukumbuka ni kwamba kambare ana kiungo cha kuvutia hewa juu ya matamvua, kwa hiyo kumtoa majini si kumuua; ni kumhamisha makazi tu. Tulimfunga kwenye kiroba kilicholowa, tukakiweka nyuma ya gari, na tulipofika nyumbani kiroba kilikuwepo. Yeye alipatikana baada ya isha, chini ya kiti cha mbele, mzima wa afya. Shemeji akamkamata kwa mapezi ya ubavuni, ambayo yana miiba, akamwachia sebuleni. Mama mkwe, mtoto wa nahodha, aliyelelewa kwa changu na nguru, aliinua miguu juu ya kochi akasema ana harufu ya matope na hapikwi kwenye sufuria yake. Tukampelekea jirani, jirani ni Msabato, na samaki asiye na magamba hali. Nyumba ya tatu walisema wanaogopa sharubu. Kwa maoni yangu wote wamejinyima, maana kambare aliyebanikwa polepole kwa moshi, kisha akachemka kwenye tui zito la nazi, hana mpinzani mezani. Lakini siwezi kubishana na mama mkwe kuhusu sufuria yake.

Safari iliyofuata hatukupata kitu, na shemeji, aliyeumia kwenye heshima kuliko kwenye vidole, akapitia sokoni. Alimwekea mama yake mezani samaki mzuri, mnene, mwenye chembe za barafu ndani ya matamvua. Mama alimgeuza, akamtazama mwanawe.

"Mwanangu, huyu ni sato wa Mwanza. Ruvu umeanza kupita Mwanza lini?"

Aliyetufundisha hasa ni mzee mmoja anayeamia ndege kwenye mpunga. Hana fimbo wala ndoano. Jioni anauzamisha mtego wake wa mgono kwenye mlango wa mfereji, mdomo umeelekea maji yanakotoka, anakwenda kulala; asubuhi anautoa una kambare. Nilimuuliza kwa nini hakutuambia mapema. Akasema, "Mlikuwa mnaongea, wajomba." Halafu akaeleza kila kitu bila kinyongo: wapi maji yanapunguza mwendo, kivuli cha mtu kisiangukie majini, na kwamba fimbo ya shemeji ingefaa sana kufukuzia ndege.

Samaki wake anauza, na bei inategemea ulivyofika. Mwenye baiskeli ana bei yake, wa bodaboda yake, na mwenye gari anaambiwa kwanza jinsi maisha yalivyopanda. Shemeji alilipa bila kunung'unika, akamshika kambare kwa mikono miwili, safari hii mbali na miiba, akavaa kofia yake ya ukingo mpana na kunipa simu nimpige picha na fimbo ikionekana. Mzee akatuzuia kwa mkono. Samaki alikuwa ameshalipiwa, alisema, lakini picha ina bei yake.