Ushauri kwa Waliokerwa na Marafiki: Majibu kwa Wasomaji wa Chaka na Vitongoji Vyake

Kero ya urafiki, kwa maana itakayotumika katika safu hii, ni tendo dogo linalorudiwarudiwa na mtu anayependwa. Tendo hilo likifanywa na mtu baki humalizwa kwa maneno mawili makali, lakini likifanywa na rafiki wa miaka 15 hugeuka kinyongo cha muhula mzima. Barua zilizofika kutoka Chaka, mji mdogo wa Kieni ulio kati ya Kiganjo na Naro Moru kwenye barabara kuu iendayo Nanyuki, zinaonyesha kwamba kero hizo hushamiri Agosti na Desemba, wakati shule za bweni zinapowarudisha vijana nyumbani wakiwa na njaa, simu na muda mwingi. Jijini Nairobi mtu huweza kumkwepa mwenzake hadi wakasahauliana, ilhali Chaka aliyekwepwa steji asubuhi hukutwa sokoni adhuhuri na kanisani Jumapili, na huenda mama yake ndiye anayemuuzia viazi mama wa mlalamikaji. Ushauri wa kuvunja urafiki, unaotolewa kwa wepesi na watu wa miji mikubwa, kwa hiyo hauna kazi kubwa hapa.

Msomaji aliyejiita Nimechoka Kulipa, mwanafunzi wa kidato cha pili, analalamika kwamba rafiki yake husahau pesa kila wanapopita penye nyama choma, biashara iliyoufanya mji huo usifike masikioni mwa wasafiri tu bali matumboni mwao pia. Anaeleza kwamba mutura, yaani utumbo uliojazwa nyama na damu kisha ukachomwa, ukishawekwa ubaoni na kukatwa, mkono wa rafiki hufika kwenye kipande cha kwanza kabla ya chumvi. Kilele cha maudhi kilikuwa siku rafiki huyo alipotaka alipiwe kuendesha vigari vya mashindano katika Chaka Ranch mbele ya wasichana wawili. Mlalamikaji anauliza kama ilifaa amkatae palepale.

Haikufaa, na sababu yake imewahi kupimwa. Mwaka 2005 wanasaikolojia Margo Gardner na Laurence Steinberg wa Marekani walichapisha utafiti ambamo watu wa umri mbalimbali walicheza mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, baadhi wakiwa peke yao na baadhi wakitazamwa na wenzao. Waliokuwa na miaka 13 hadi 16 walijitia hatarini zaidi walipotazamwa, lakini watu wazima hawakubadilika sana kwa kutazamwa. Kijana anayedai kulipiwa mbele ya wasichana, basi, hazungumzi na mwenye pesa bali na watazamaji, na akikemewa mbele yao atawajibu wao, kwa sauti ya juu zaidi. Maneno yanafaa yasemwe njiani, wawili wakitembea bega kwa bega bila kutazamana usoni, na yasemwe kabla ya harufu ya moshi kuwafikia: kwamba leo kuna shilingi 40 na si zaidi. Wakifika, mwenye pesa aagize mutura wa shilingi ishirini mara mbili, ampe rafiki sehemu yake mkononi, kisha ale ya kwake akiwa ameupa mgongo ubao. Zawadi iliyotangazwa ina mpaka unaojulikana, lakini ya kupokonywa haina. Inapasa kuongezwa kwamba ikiwa mlalamikaji hulipa kwa simu ya mama yake, tena kwa Fuliza, huduma ya M-Pesa inayomwezesha mtu kulipa kupita salio lake na kutozwa ada, basi mkarimu katika kisa hiki ni mama, na ndiye mwenye haki ya kuiandikia safu hii.

Msomaji wa pili anakerwa na rafiki aliyekaa kwa shangazi yake Nairobi majuma mawili akarudi akizungumza Kiingereza cha puani. Hakuna la kufanya. Lafudhi ya aina hiyo haijapata kustahimili asubuhi moja ya kuvuna viazi katika baridi ya Kieni.

Barua ya tatu ni nzito kuliko hizo. Msichana anaeleza kwamba rafiki yake tangu chekechea hupiga picha za skrini, yaani nakala za mazungumzo kama yanavyoonekana kwenye simu, na kuzituma katika kundi la WhatsApp la darasa, kisha huomba msamaha kwa vikaragosi vinavyolia. Hapa pana tofauti ambayo vijana wengi huikosa: mlaji wa mutura ana tabia mbaya, lakini mtoa siri ametumia imani aliyopewa kama mtaji wa kupendwa na kundi. Mlalamikaji amtajie kosa kwa jina lake, ataje siku lilipotendeka, adai picha zifutwe, kisha anyamaze. Ameambatisha rasimu ya kurasa nne anayokusudia kumpelekea, na rasimu hiyo ndiyo kasoro pekee upande wake. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwashauri vijana, amezikwa Nyeri tangu 1941, na jiwe la kaburi lake limechorwa duara lenye nukta katikati, alama ya njia ambayo kwa maskauti humaanisha kwamba mwenye kuiacha amekwenda nyumbani. Kurasa nne zingepunguzwa kwa kipimo hicho cha ufupi.

Baada ya hapo urafiki hauhitaji kuuawa, bali upunguzwe kipimo. Miongoni mwa Wakikuyu, riika, yaani kundi la waliotahiriwa wakati mmoja, liliwafunga watu maisha yao yote bila kuwauliza nani anampenda nani, na ndani yake walikuwamo bahili, mropokaji na mwongo, wote wakihesabiwa ndugu. Inaelekea kuwa watu waliofungwa hivyo walijifunza mapema kumgawia kila mmoja kiasi anachoweza kubeba. Mtoa siri apewe matokeo ya mpira, hali ya hewa na bei ya vitunguu, mambo ambayo hata yakipigwa picha hayamdhuru mtu, na apewe kwa uchangamfu uleule wa zamani.

Wa nne anauliza kama amkopeshe rafiki wa miaka 16 anayebeti mechi kwa kitambulisho cha kaka yake. Asimkopeshe hata shilingi moja. Sheria ya Kenya inawakataza walio chini ya miaka 18 kucheza kamari, na jambo hili limeshavuka mpaka wa kero. Aambiwe mtu mzima anayesikiliza kabla ya kufoka, ambaye katika familia nyingi ni shangazi. Akikosekana, ipo 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto. Wenzake wataita hilo kuchoma, neno la Sheng la kutoboa siri ya mtu kwa wakubwa. Waite.

Barua ya mwisho imetoka kwa msichana anayesafiri kila asubuhi kwa matatu kwenda Nyeri pamoja na rafiki anayeimba, si vizuri, tangu Chaka hadi mwisho wa safari. Anataka kujua namna ya kumuepuka bila ugomvi. Na akae mbele kando ya dereva, na rafiki akimfuata huko, aliache gari hilo liende na asubiri jingine. Endapo rafiki naye atashuka wasubiri pamoja, mlalamikaji atambue kwamba anapendwa kupita kiasi, na anunue spika za masikioni.