Safu Tatu na Ndoo Mbili

Tangu mchezo wa kompyuta wa Empire: Total War utoke mwaka 2009, wachezaji wake wanabishana juu ya jambo ambalo majenerali wa karne ya 18 walilibishania kwa damu ya watu wengine: askari wa miguu wapige kwa safu au kwa platuni?

Anayepiga kwa safu hupanga watu mistari mitatu, wa mbele wakapiga goti na wa nyuma wakafyatua juu ya vichwa vyao, kila mstari kwa zamu yake. Anayepiga kwa platuni hukata kikosi mafungu mafungu kutoka kulia hadi kushoto, mafungu yakapokezana, ili asikosekane hata dakika moja mtu mwenye risasi ndani ya mtutu. Kwenye mchezo ujuzi huo haupatikani bure. Unaanza mwaka 1700 na jeshi ambalo mstari wa mbele tu ndio unaofyatua; waliobaki wamekumbatia bunduki wakisubiri wenzao wafe wapate nafasi. Inabidi ujenge chuo, uweke wasomi, kisha usubiri wafikiri. Wanafikiri taratibu sana. Nadhani na wao walikuwa wanadai mishahara.

Mimi nilikuwa na majeshi mawili ya Prussia niliyoyahifadhi kwenye laptopu, moja limehitimu kupiga kwa safu, la pili limefika mpaka platuni. Nikaamua kuyalinganisha kisayansi, adui akiwa Poland, ambaye kwenye mchezo amekaa na mji wake wa Gdańsk katikati ya mikoa yangu miwili. Sayansi hiyo ingeenda vizuri kama mjomba wangu asingekuja mjini kutibiwa goti.

Mjomba ni sajenti mstaafu. Alipewa kochi kubwa la sebuleni, na kochi hilo linatazama meza yangu. Jioni ya kwanza alivaa miwani, akakitazama kioo muda mrefu.

"Mpwa wangu, hawa wana kesi gani?"

"Kesi ipi, Mjomba?"

"Mbona wamesimama wima uwanjani kama wamehukumiwa? Na nani kawavika mikanda myeupe ya msalaba kifuani? Huyo aliyewashonea sare alikuwa upande wa adui."

Nikajitahidi kumweleza. Bunduki zenyewe ni za gumegume, mtutu laini kwa ndani, risasi inatoka na kwenda inakojisikia. Waprussia wenyewe waliwahi kupima kwa kupigisha askari turubai lenye urefu wa futi 100 na kimo cha futi sita: kwa yadi 75 zilipata risasi sita katika kumi, kwa yadi 225 zikapata robo tu. Na turubai halirudishi risasi, wala halipigi kelele za kumtisha mtu. Ndiyo maana walibanana bega kwa bega, wakasogea karibu, wakapiga pamoja: kama mmoja mmoja hawezi kulenga, basi ukuta mzima ulenge.

"Hilo ni gobore," alisema Mjomba, uso umemkunjuka. "Babu yako alikuwa nalo la kufukuzia nguruwe shambani."

Kuanzia hapo nilipoteza mamlaka juu ya jeshi langu. Mjomba alisimama, goti na yote, akachukua gongo lake la kutembelea kuonyesha namna gobore linavyopakiwa: unamimina baruti, unatia risasi, unachomoa mdeki, unashindilia, unarudisha mdeki. Kwenye kushindilia hakuna tatizo. Tatizo ni kuchomoa mdeki, ambako mkono hupanda juu kwa nguvu, na dari yetu si ndefu. Taa ya sebule ilipasuka. Mama Zuhura akatoka jikoni na ufagio bila kuuliza swali, nami gizani nikamsimulia Mjomba habari za Leopold wa Anhalt-Dessau, aliyewapa askari wa Prussia mdeki wa chuma kwa sababu wa mti ulikuwa ukivunjika katikati ya mapigano. "Huyo sasa ndiye ofisa," alisema Mjomba, akikung'uta vigae vya balbu kwenye kofia yake.

Tukaendelea kwa mwanga wa kioo. Jeshi la safu liliingia kazini nje ya Gdańsk. Mwanzo lilipendeza mno: goti, moto, moshi, mstari wa pili, moto. Kisha askari wawili wakanasa kwenye uzio wa shamba la mtu, na kwa kuwa safu haiko kamili mpaka wao wajipange, kikosi kizima kikasimama kuwasubiri. Wapoland hawakusubiri. Mjomba alianza kutoa amri kwa sauti ya uwanja wa gwaride, saa nne usiku, madirisha wazi. Jirani wa kushoto alizima redio yake kusikiliza. Wa kulia alipiga simu kuuliza kama kuna mwizi.

Jeshi la platuni lilikuwa na bahati yake. Mafungu yalipokezana vizuri, moto ukatembea kutoka upande hadi upande, nikaanza kuhesabu maiti za adui kwenye karatasi, na umeme wa LUKU ukaisha. Betri ya laptopu yangu ilishakufa zamani, kwa hiyo Prussia yote ilizimika papo hapo. Mama Zuhura alikuwa anapiga pasi sare za shule, nami sikuthubutu kusema kwamba pasi imekula karne ya 18.

Katika giza hilo la pili ndipo Mjomba alipouliza swali la haki: hao wenyewe waliopigana waliona ipi bora? Nikamweleza kuhusu Willem Lodewijk wa Nassau, ambaye mwezi Desemba 1594 alimwandikia binamu yake Maurits barua yenye mchoro, baada ya kusoma habari za majeshi ya kale, akipendekeza mstari wa mbele upige halafu urudi nyuma kupakia, wa pili uchukue nafasi. Nikampeleka Malplaquet, mwaka 1709, ambako kikosi cha Waireland waliotumikia Uingereza kilikutana msituni na kikosi cha Waireland waliotumikia Ufaransa. Wa Uingereza walipiga kwa platuni wakashinda. Kapteni Robert Parker, aliyetumikia kikosi hicho, alitaja sababu mbili: mpango wao wa kupiga, na risasi zao, ambazo 16 zilifikisha ratili moja, ilhali za wenzao zilihitajika 24.

"Sasa hapo kilichoshinda ni mpango au ni uzito?" aliuliza Mjomba.

Sikuwa na jibu, na nashuku Parker naye hakuwa nalo. Mjomba akaamua kwamba jambo hili litajaribiwa Jumamosi, uani, kwa watoto.

Silaha zilikuwa chupa za plastiki zilizotobolewa vifuniko kwa msumari. Ukiminya, maji yanaruka hatua tano. Kupakia ni kufungua kifuniko, kuchovya ndoo, kufunga, na Mjomba aliridhika kwamba mtoto wa miaka minane hapakii haraka kuliko babu alivyopakia gobore. Shabaha ilikuwa shuka kuukuu kwenye kamba. Watoto wetu hawakutosha, tukaongezewa wa majirani, tukapata safu tatu za watu wanne wanne. Ndoo zilikuwa mbili, za maji ya kununua kwa dumu, jambo ambalo halikutangazwa kwa Mama Zuhura.

Safu ya mbele ilipiga goti. Mjomba akainua gongo. "Moto!"

Shuka ilipata maji kidogo. Migongo ya waliopiga goti ilipata mengi. Mstari wa tatu ulikuwa na watoto wafupi kuliko wa pili, hawakuona kitu, wakaminya tu kuelekea sauti. Zuhura aligeuka, maji yanamchuruzika masikioni, akamrudishia aliyekuwa nyuma yake, na kwa muda jeshi lilipigana lenyewe.

Nilijaribu kuwaambia watoto kwamba mambo haya yalimkuta hata Napoleon. Mwaka 1813 askari wake zaidi ya elfu mbili, wengi vijana wapya, walikutwa na majeraha ya mikono na vidole, wakashukiwa kujiumiza makusudi ili wakwepe vita. Daktari mkuu wa upasuaji, Larrey, aliwachunguza akawatetea: vijana walikuwa wakijeruhiwa na wenzao waliosimama nyuma yao. Marshali Gouvion Saint-Cyr alifika mbali zaidi, akidai kwamba robo ya majeruhi wa askari wa miguu wa Ufaransa walitokana na mstari wao wa tatu. Mwaka huohuo Napoleon aliamuru wapangwe mistari miwili. Zuhura alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniminyia usoni.

Tukahamia platuni. Mafungu matatu, kila moja na kiongozi wake, kupokezana kulia, kati, kushoto. Mzunguko wa kwanza ulikwenda sawasawa. Mjomba karibu alie. Wa pili, fungu la kati lilikuwa bado kwenye ndoo. Wa tatu haukuwepo. Kila mtoto alikimbilia maji, akapakia, akaminya alipotaka, chupa zikalia kama bisi kwenye sufuria, na shuka ikalowa kuliko wakati wowote. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho mchezo umekificha kwa miaka yote hiyo niliyokaa nao: askari wa kwenye kioo hawachoki kutii. Wa kweli, baada ya milipuko michache, kwa moshi na masikio yaliyoziba, waliacha zamu, kila mtu akapakia na kufyatua kwa kasi yake, na maofisa wakabaki kupiga kelele kama Mjomba. Ubishi wetu wa safu na platuni unahusu dakika chache za mwanzo.

Katikati ya moto huo wa holela, geti likafunguliwa. Alikuwa mjumbe wetu wa mtaa na daftari lake la michango ya ulinzi, shati limenyooshwa, kalamu sikioni. Aliona watoto kumi na wawili wanamgeukia. Nadhani angeokoka kama angesimama kimya, lakini alisema, "Hodi," na Mjomba, ambaye masikio yake yalishaharibiwa na jeshi, akasikia neno lingine.

Tulimpa taulo. Tulimpa chai. Daftari tulilianika kwenye kamba ileile ya shuka, majina ya walipaji yakiwa yameungana na ya wadaiwa, na baadhi ya majirani walipita uani mara kadhaa kulitazama kwa furaha isiyofichika. Mama Zuhura alirudi kutoka sokoni, akatazama ndoo, akamtazama mjumbe, akamwambia: "Mzee wangu, wape adhabu yoyote. Mimi sina pingamizi."

Mjumbe alikunywa chai yake yote kabla ya kuhukumu. Nyumba yetu haitatoa fedha mwezi huu, itatoa watu: mimi na Mjomba tutashika lindo la sungusungu Jumamosi ijayo, tangu saa tano usiku mpaka alfajiri, filimbi moja, rungu moja. Mjomba alipokea amri kwa mkono kwenye kofia. Kisha akaomba ruhusa ya kuuliza, akaruhusiwa, akataka kujua kama sisi wawili tutapangwa safu moja au mbili.